Mzee Aliyefunga Betri Nira

Ukimfikia na betri mkononi, hakuitazama. Alitazama nyuma yako, akitafuta gari. Ukisema gari limebaki nyumbani, alirudi kwenye kiti chake na kuendelea kukwangua vichwa vya betri ya mtu mwingine kwa msasa, kama vile hujaja. Ukisema lipo nje, aliinuka. Na ukisema, kama nilivyosema mimi siku ya kwanza, kwamba umekuja tu kuuliza betri ipi ni nzuri kwa gari la muziki, alikujibu bila kuinua uso: "Uzuri tafuta kwa mchumba. Betri inatosha au haitoshi. Lete kelele zako nizisikie."

Mji mzima wa Bariadi ulimwita Mzee wa Chaji. Jina la ubatizo alikuwa nalo, na kanisani lilisomwa kila walipotajwa wazee wa kanisa, lakini mtaani sikuwahi kumsikia mtu akilitumia, na hapa pia nitaliacha. Banda lake la bati lilikuwa nyuma ya kiwanda cha kuchambulia pamba. Msimu ukipamba moto, manyoya ya pamba yalipeperuka hadi kwake na kutua juu ya betri, naye akawa anayapuliza huku anatukana kwa sauti ya chini. Kwa mtu ambaye ni mzee wa kanisa, alikuwa na matusi mengi, ila yote yalihusu vitu. Watu hakuwatukana.

Nieleze kwanza nilivyofika kwake, maana mwanamke mwenye gari la muziki hakuwa kitu cha kawaida miaka ile. Nilikuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika kwa miaka kumi na moja. Kazi yangu ilikuwa kupima pamba na kuwakamata waliotia mchanga au maji kwenye gunia ili lizidi uzito, na niliifanya vizuri kiasi cha kuchukiwa na vijiji vitatu. Miaka ya ruksa ya biashara ilipofika na wanunuzi binafsi wakaanza kuingia, chama kilipunguza watu na mimi nikawa mmoja wao. Mume wangu alikuwa ameshafariki, akaniachia maksai wanne na plau. Nikauza maksai, nikachanganya na kiinua mgongo changu, nikanunua pikapu kuukuu na vyombo: amplifaya, spika mbili za honi juu ya kebini, na masanduku mawili ya besi nyuma. Nilikuwa nimeona kitu. Kila mnunuzi mpya wa pamba alitaka kutangazwa, kila harusi ilitaka muziki, na vyama vya ngoma vilianza kuona aibu kuimba bila kipaza sauti.

Kaka yangu mkubwa alitoka Lalago kuja kuliangalia hilo gari. Alilizunguka mara mbili, akapiga teke gurudumu moja, akasema, "Gari haizai."

"Inaingiza," nikamjibu.

"Ng'ombe anazaa. Umeuza maksai ukanunua kelele." Akakaa kwenye kivuli cha gari lenyewe. "Nakuachia msimu huu mmoja. Ukishindwa tunaliuza, tunanunua ng'ombe, unarudi nyumbani Lalago kukaa na sisi."

Alisema kwa upendo, na ndiyo maana iliniuma. Nilikuwa na miaka arobaini na ushee, chumba changu mwenyewe cha kupanga, na ufunguo wake. Sikutaka kurudi kuwa shangazi wa kuonyeshwa pa kulala. Kwa hiyo msimu ule, kila nilipowasha amplifaya, nilikuwa najua kinachopimwa si muziki.

Sasa nirudi kwa mzee. Ndani ya banda lake kulikuwa na ukuta mmoja wa tofali, ameupaka chokaa, na banda lilikuwa na giza la kutosha hata saa sita mchana. Ukuta ule ndio uliokuwa mtihani. Uliingiza gari hadi mlangoni, taa za mbele zikautazama ukuta, ukazima injini, ukawasha taa, ukafungulia muziki hadi mwisho. Si muziki wako, wake. Alikuwa na kaseti moja tu ya kupimia, ya kwaya, ambayo katikati ya upande wa pili besi zote zilishuka pamoja na ngoma. Sikio lake la kulia lilikuwa limeshauawa na jenereta la dizeli alilochajia, kwa hiyo hakutegemea masikio. Aliweka kiganja cha kushoto kwenye bati la gari, macho ukutani. Ngoma ikipiga na mwanga ukapungua kidogo, ukarudi, ukapungua tena, alizima kaseti.

"Inakonyeza," alisema. "Ikikonyeza haitoshi. Gari lako linaomba chakula."

Kisha lilikuja swali lake la pili, lile lililowashinda wengi. "Unapiga saa ngapi injini imezimwa?" Wenye magari ya muziki walikuwa wanaume wa majigambo. Walimtajia ukubwa wa amplifaya. Nilimsikia mmoja akijitapa, "Wati elfu mbili, mzee!" Mzee akamwangalia kwa huruma kabisa. "Nimekuuliza saa, unanitajia wati. Ng'ombe wako nikikuuliza anatoa maziwa kiasi gani, utaniambia urefu wa pembe?"

Kabla ya ruksa, alituambia, hakukuwa na cha kuchagua. Betri mpya ilitoka kwa kibali, na barua ya kibali ilizeeka mfukoni kabla betri haijafika. Kazi yake ilikuwa kufufua zilizokufa. Kisha ghafla maduka yakajaa betri za kila rangi, nyekundu, nyeupe, zenye mishikio na zisizo na mishikio, mpya na zilizotumika kutoka ng'ambo, na watu wakawa wanachagua kwa rangi, kwa picha ya simba, kwa ukubwa wa herufi. "Zamani nilikuwa daktari," alisema. "Siku hizi mimi ni mshenga." Alilalamika, lakini nadhani aliipenda zaidi kazi ya ushenga. Alikuwa anakataa kukuuzia betri kubwa kama ndogo inakutosha, jambo lililowashangaza wafanyabiashara wenzake hadi wakadhani ana kasoro.

Ninamshukuru kwa mambo mengi, lakini kwa hasira zake ninamshukuru kwanza. Siku aliyopima gari langu, mwanga ulikonyeza hadi nikaona haya. Nilikuwa na betri moja, ile ya kuwashia gari, nikaitaka ifanye kazi zote. Akaniambia muziki uwe na betri zake mbili, kwenye sanduku lake nyuma, lenye matundu ya kupumulia, zifungwe chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwa waya mnene wa kuchomelea na si ule wa taa. "Waya mwembamba unakula njiani," alisema. "Unachokituma hakifiki."

"Nichukue betri zipi?"

"Mayu," akasema, yaani mama kwa lugha yetu, "wewe si ulikuwa na maksai? Ulikuwa unawafunga vipi?"

"Wa umri mmoja, kimo kimoja."

"Kwa nini?"

"Mmoja akiwa mchovu, mwenzake anavuta plau na kumvuta na yeye."

"Basi unajua betri. Kwa nini unanipotezea wakati?" Akarudi kwenye msasa wake. Nilitoka pale nimenuna, nisijue kwamba nimeshapewa elimu yote niliyoihitaji. Umri mmoja, kimo kimoja, zimenunuliwa siku moja, na hata moja ikifa unazitoa zote mbili. Ningemsikiliza ningejiokoa na aibu niliyoipata Nkololo.

Lakini kabla ya Nkololo niseme habari za vichanja vyake, maana watu wengi walimwelewa vibaya kwa hivyo. Alikuwa na vichanja viwili vya kuchajia, kimoja kila upande wa jenereta, na katikati pazia la gunia. Kimoja kilikuwa cha chama kimoja cha ngoma na marafiki zake, cha pili cha wapinzani wao. Betri za pande mbili hazikukaa pamoja hata dakika moja. Kwetu mashindano ya ngoma si mchezo. Baada ya mavuno vyama viwili vinacheza siku moja kwenye viwanja vinavyotazamana, watu wako huru kwenda watakako, na upande wenye watu wengi jua likizama ndio umeshinda. Kila upande una dawa zake za kuvuta watu, na kila upande unaamini dawa za wenzao zinapenya popote, hata kwenye maji ya betri.

Yeye mwenyewe alisema wazi kwamba hakuna dawa inayoingia kwenye betri zaidi ya asidi. Lakini vichanja vilibaki viwili. Wazee wenzake wa kanisa walimwita wakamwambia anaunga mkono ushirikina. "Naunga mkono amani," akawajibu. "Na dizeli." Alikuwa ameona mwaka mmoja vijana wakirushiana mawe kwa ajili ya betri zilizochajiwa bega kwa bega. Pazia la gunia lilimaliza ugomvi ambao mahubiri hayakuumaliza, na hakuona sababu ya kulitoa.

Kuhusu muziki wenyewe, hakuupenda. Tulimlisha sisi watu wa kelele, naye alituita fujo. Tulipomaliza kupima, alizima kaseti, akakaa kama anayesubiri vumbi litue. Siku za Jumapili tu ndipo alipopenda spika, maana kipaza sauti cha kanisa lao kilitumia betri zake mwenyewe, mbili, zilizokaa kwenye rafu nyuma ya kiti chake wiki nzima. Alikuwa amezipa majina kama maksai, Shukuru na Subira. Alizinunua siku moja, akazilea pamoja, akazinywesha maji ya mvua ya kwanza-kwanza aliyoyakinga kwa turubai safi, si ya kwenye bati, na kuyachuja kwa kitambaa. Mnunuzi mmoja wa pamba aliwahi kuja na gari jipya akitaka zile mbili, mzee ataje bei yoyote. Mzee alimwambia, "Hizi zimeokoka, haziuzwi."

Alikuwa na tabia mbili nyingine ambazo lazima nizitaje. Kila betri iliyopita mikononi mwake aliipiga chapa mfunikoni kwa msumari: mstari mmoja wa kulala na vijiti viwili vikining'inia, yaani nira ndogo, na pembeni mwezi na mwaka. Na habari za betri ya mtu hakumwambia mtu mwingine. Ungemuuliza, "Ile ya fulani inafaa niinunue?" angekutazama kama umemuuliza habari za mke wa fulani. "Mimi nachaji," angesema. "Sisemi."

Haya, Nkololo. Chama kimoja cha ngoma kilinikodi kwa msimu mzima wa mashindano, kazi iliyoweza kumfunga kaka mdomo moja kwa moja. Nilikuwa na betri moja nzuri ya muziki, mpya, na nilihitaji ya pili. Badala ya kununua pacha wake, nikaenda mnadani, ambako mgeni mmoja alikuwa anauza betri zilizotumika za malori, zile kubwa za N200, zimepakwa rangi nyeusi zinang'aa kama viatu vya askari. Nikajiambia, Karani, hapa tumia akili. Nikaazima mizani ya pamba ya mnunuzi niliyefahamiana naye, nikaifunga mtini, nikazipima betri zote kwa kamba, moja baada ya nyingine, na nikachukua iliyozidi uzito. Watu walinizunguka wakinisifu. Muuzaji naye alinisifu. Miaka kumi na moja ya mizani, nikasema moyoni, haikwenda bure.

Nikaifunga ile kubwa pamoja na ile yangu mpya, nikaenda Nkololo. Saa nne asubuhi sauti ilikuwa inafika hadi mtoni, na uwanja wetu ulijaa. Saa sita mwimbaji wetu alianza kusikika kama anaimba ndani ya mtungi. Saa saba kasoro, katikati ya wimbo ambao watu walikuwa wameungojea tangu asubuhi, sauti ikakatika. Nikakimbilia kwenye gari kuwasha injini, na kwa sababu kwa ujanja wangu nilikuwa nimeunganisha na betri ya gari pia, hata injini haikushtuka. Upande wa pili wakapiga vigelegele. Nikawaona watu wanainuka na viti vyao, wanavuka kwenda kwa wapinzani, wa kwanza wachache, kisha kama maji. Tulilisukuma gari kutoka uwanjani, mimi mwenyewe nikiwa nyuma na kitenge kimefungwa kiunoni, na watoto wakiimba.

Hakuna mtu aliyesema betri. Wote walisema dawa. Kiongozi wa ngoma aliniambia hanilaumu, lakini siku nane baadaye kuna mashindano ya kufungia msimu, na sauti ikifa tena nitafute kazi nyingine. Kaka alikuja na mganga wa kulisafisha gari, na pia na habari kwamba amempata mtu wa kulinunua. Sikumkatalia mganga, maana kaka alikuwa amemgharimia. Lakini siku iliyofuata niliomba watu wanisaidie kupakia betri zote, nikazipeleka kwa mzee.

Nilitegemea anitukane. Alinisikiliza hadi mwisho, akiwa ameegemeza sikio zima upande wangu.

"Mwache mganga aoshe gari," alisema. "Maji yake tu yasiguse vichwa vya betri."

Akachemsha maji, akaimwagia ile kubwa kichwani kuondoa uchafu, na rangi nyeusi ikaanza kutoka vipande vipande. Akapangusa, kisha akaacha kitambaa chake juu ya mfuniko. Akavuta kwa bomba maji kidogo ya kila tundu na kuyamwaga kwenye glasi. Yalikuwa ya kahawia, yenye unga. Akaiinamisha betri juu ya beseni, na tope zito likatoka.

"Unaona hii? Ni risasi ya zile bamba za ndani. Imebomoka, imeanguka chini. Haijaenda popote, kwa hiyo kwenye mizani uzito ni uleule. Ila nguvu hakuna." Akanitazama. "Karani, ulikamata magunia mangapi ya mchanga?"

"Mengi."

"Na hili likakupita." Hakucheka. Nilitaka acheke, ningepata pa kuficha uso. "Hii kubwa imekuwa inanyonya ile nzuri tangu asubuhi ile. Ulifunga fahali na mzoga. Nenda nyumbani, urudi siku ya tatu."

Siku mbili hizo sikuzungumza na mtu. Kaka alikuwa kwangu, anakula, ananiangalia kwa upole, na upole ule ulinimaliza nguvu kuliko maneno. Siku ya tatu nilirudi bandani, nikakuta rafu iliyo nyuma ya kiti haina kitu. Shukuru na Subira walikuwa wameshafungwa kwenye sanduku jipya la mbao lenye matundu, na waya mnene wa kuchomelea umekatwa kwa kipimo cha gari langu.

"Hizi ni za kanisa," nikasema.

"Ni zangu. Kanisani zinakwenda Jumapili. Mashindano yako ni Jumamosi." Akaniwashia taa mwenyewe, akaweka kaseti, akaweka kiganja kwenye bati. Besi zilishuka, ngoma ikapiga, na mwanga ukutani ukabaki umetulia tuli. Sijawahi kuona kitu kizuri kama ule ukuta mweupe usiotikisika. Nililia hadharani, sioni sababu ya kuficha.

"Wabeja, baba," nikamshukuru. "Wabeja sana."

"Saa ngapi utapiga injini imezimwa?"

"Nane."

"Sasa ndiyo unaongea."

Jumamosi ile sauti ilianza saa nne na jua lilipozama ilikuwa bado inaita. Nilisimama kando ya gari siku nzima, kiganja changu kwenye bati, kama nilivyomwona akifanya. Mchana watu walianza kuvuka kutoka upande wa pili, na safari hii walikuwa wanakuja kwetu. Kaka alikuwa miongoni mwa watazamaji. Jioni alipanda mbele ya pikapu, tukaanza safari ya Bariadi, na tulipokaribia mjini ndipo aliposema, "Yule mnunuzi nitamwambia gari haliuzwi." Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, Shukuru na Subira walikuwa mezani kwa kipaza sauti.

Kanisani habari zilifika, kama zinavyofika. Betri za neno la Mungu zimepiga ngoma zenye dawa. Walimtia marudi, wakamtoa kwenye viti vya wazee, akakaa benchi la mwisho miezi mitatu. Nilikwenda kumwomba radhi, naye akasema benchi lile ni zuri sana. "Huko nyuma ndiko mtu anajua kama betri inatosha. Mbele kila kitu kinasikika." Hakuwahi kulalamika zaidi ya hapo. Msimu uliofuata nilinunua jozi yangu mwenyewe, nikazifunga kwa waya wake, na tangu hapo hadi leo sijapata kulala katika nyumba ambayo ufunguo wake sinao.

Miaka ilipita. Sola ziliingia vijijini, jenereta lake likazeeka, na macho yake ya kusoma kipimo cha asidi yakaanza kumdanganya. Binti yake alimchukua akaishi naye Mwamanyili, kwenye majaruba ya mpunga. Nilikwenda kumwona asubuhi moja kwa gari langu la tatu, si ile pikapu tena. Alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya mpunga ulioanikwa, na fimbo ya kufukuzia kuku.

"Hasikii tena, mayu," binti yake akaniambia. "Masikio yote mawili. Kuongea anaongea. Ukitaka akuelewe, mwonyeshe."

Alinitambua kabla sijamfikia. "Mwangaluka, Karani!" alinisalimia, akipaza sauti kama watu wasiojisikia wanavyopaza. Hakunitazama sana. Alitazama nyuma yangu, akaliona gari, akainuka.

Niliweka kaseti ya kwaya. Nilikuwa nimeipata nakala yake zamani, na redio ya gari langu nilikuwa sijaibadilisha kwa ajili ya kaseti hiyo moja. Nikawasha taa, ingawa jua lilikuwa kali na hakukuwa na ukuta. Yeye aliweka kiganja mlangoni. Besi ziliposhuka alifumba macho.

"Inatosha," akasema. Lakini kiganja hakukitoa, na aliendelea kuongea akiangalia bati, si mimi. "Ile betri kubwa ya Nkololo. Mimi ndiye niliyeichaji. Mara tatu. Mara ya tatu niliona tope kwenye maji yake. Yule bwana mwenye nayo alikuja kuichukua, akasema anaipeleka mnadani, nikampa, nikanyamaza. Sheria yangu. Ulipoileta, maji ya moto yakatoa rangi, nikaona chapa yangu imekaa pale. Nikaifunika na kitambaa usiione." Akakibonyeza kiganja zaidi kwenye bati. "Nimekuwa nataka kukwambia tangu siku ile. Ulikuwa unanishukuru kila mwaka, na mimi kila mwaka nanyamaza."

Nilifungua mdomo kumjibu, akaonyesha sikio lake. Basi nikamshika mkono, nikamzungusha hadi nyuma ya gari, nikafungua sanduku la betri.

Zilikuwa mbili, za umri mmoja na kimo kimoja. Kwenye mfuniko wa kila moja kulikuwa na mstari wa kulala na vijiti viwili vikining'inia, na pembeni mwezi na mwaka. Nimeichora nira hiyo kwa msumari kwenye kila jozi niliyonunua tangu msimu ule. Nilikuwa nimeiona chapa siku ileile bandani, sekunde moja kabla ya kitambaa, na kwa siku mbili nilimchukia kama sijawahi kumchukia mtu. Siku ya tatu nikakuta rafu yake haina kitu. Sikuona haja ya kumuuliza.

Aliinama, akaipitishia kidole gumba chapa ya kwanza, kisha ya pili. "Huu si mkono wangu," akasema.

Nikatikisa kichwa, kwamba si wake.

"Uliiona."

Nikakubali kwa kichwa.

"Siku ileile?"

Nikakubali tena. Akabaki ameinama, kidole juu ya ile nira, na nikaona machozi yanadondoka kwenye mfuniko, naye akayafuta haraka kwa mkono wa shati, maana betri haitakiwi kuloa juu. Kisha akaukamata waya unaounganisha betri zangu mbili, akaubinya kati ya vidole viwili, akaukunja, akanigeukia kwa uso uleule wa siku ya kwanza.

"Waya huu mwembamba," akasema. "Unakula. Badilisha."

Niliubadilisha kesho yake asubuhi, kabla sijapiga hata wimbo mmoja.